Mtandio mweupe, sinia la bibi na rangi ya binamu yangu

Picha iliyonianzishia haya yote niliipiga uani kwa bibi, Temeke. Binamu yangu kakaa kwenye kigoda, kavaa dera jeupe na mtandio wa shifoni aliotoka kuununua Kariakoo siku ileile, mweupe pee, na nyuma yake ukuta ambao ndo kwanza umepakwa chokaa. Chuoni tulikuwa tumepewa kazi ya potreti za urembo, fremu tano, mi nikaona nyeupe juu ya nyeupe na huyu binamu yangu na weusi wake ule tii, hapa kazi imeisha. Nikaweka f/2.8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuushika mwanga), shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, nikaiachia kamera ichague yenyewe, nikapiga.

Kwenye skrini mtandio umetoka kijivu kama umefuliwa pamoja na soksi nyeusi, na uso wa binamu yangu haupo. Macho yapo, meno yapo kwa sababu alikuwa anacheka, ila shavu, pua, kidevu, kile kidimpozi ambacho kila mtu kwenye ukoo anakijua, vyote vimezama. Akaniomba aone. Akaishika kamera, akaitazama muda, alafu akauliza taratibu tu, "Dada, kumbe mi ndo niko hivi?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia ni mwanga, ngoja nirudie. Lakini lile swali nililala nalo, maana hayuko hivyo, mi nimekua naye, namjua uso wake asubuhi akitoka kuamka na jioni mbele ya moto wa mkaa, weusi wake una mabonde na vilima, una sehemu ina wekundu kidogo chini ya macho na sehemu inarudisha ubluu wa anga kwenye paji la uso. Kamera haikuona hata kimoja.

Kesho yake asubuhi tukarudia kwa makusudi, saa nne, kivuli kilekile, kigoda kilekile. Kwanza mtandio mweupe na ukuta wa chokaa, nikaiachia tena kamera iamue, ikachagua shata 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uso ukazama tena. Nikamwambia avae baibui jeusi akae mbele ya mlango wa jikoni, ule mlango ambao ndani kwake kuna giza na masizi, kamera ikachagua 1/100. Safari hii uso umetokea wote lakini umepauka, una ujivujivu fulani, kama mtu aliyeoga akasahau kujipaka mafuta. Mtu yuleyule jamani, kivuli kilekile, dakika kumi hazijapita, na nina picha mbili za watu wawili ambao hakuna hata mmoja ambaye ni yeye.

Nikahamia M, ambako kila kitu unakipanga mwenyewe. f/2.8, ISO 100, shata 1/250, nikazifunga hapo nisiziguse. Mtandio mweupe, kacha. Baibui, kacha. Zote mbili zimetoka yeye.

Kama wewe pia unajifunza, hapa ndo pa kukaa kidogo. Mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga, haijui kwamba inatazama mtu (siku hizi zinatambua sura lakini hata hizo bado zinayumba). Inapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, inatafuta wastani, na imeundwa ikiamini kwamba wastani wa dunia ni kijivu cha kati, kile cha asilimia 18, yaani kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukiijazia fremu vitu vyeupe inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza, na uso unapunguzwa pamoja na mtandio. Ukiijazia vyeusi inasema hapa giza, inaongeza, na ngozi inapandishwa mpaka inapauka. Kati ya 1/1000 na 1/100 kuna stopu tatu na ushee (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), na kwenye stopu tatu ndo uso wa mtu unapotea au unapatikana.

Hapo nikaielewa picha ya harusi ya mama. Ipo sebuleni miaka yote, shela linawaka, maua yanaonekana, uso wa mama ni kivuli, na siku zote tumekuwa tukisema mama siku hiyo alikuwa na huzuni. Hakuwa na huzuni hata kidogo, mwenyewe anasema alicheka mpaka mashavu yakauma. Shela lilijaa fremu, basi.

Sa hivi nafanya hivi. Naweka mita ya doa, ile inayosoma sehemu ndogo tu ya katikati, nailenga kwenye shavu upande unaopata mwanga, alafu narekebisha mwanga kufuata ngozi ya mtu. Kwa binamu yangu nashusha stopu moja na theluthi. Kwangu mimi ambaye ni maji ya kunde karibu naacha kwenye sifuri. Kuna rafiki yangu ana ualbino, kwake napandisha stopu moja na zaidi kidogo. Alafu naangalia histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia weusi kushoto mpaka weupe kulia, na hii ilinichukua muda kuikubali, kwamba mlima wa ngozi ya binamu yangu unatakiwa ukae kushoto ya katikati, ndo kwao pale, usiusukume uje katikati kwa sababu mafunzo ya mtandaoni yamesema histogramu nzuri ina mlima katikati. Na napiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalisindika, kwa sababu kwenye JPEG ukija kupandisha vivuli, vyeusi vinatoka na chengachenga na rangi inageuka zambarau.

Mwalimu wetu wa somo la rangi aliposikia naumiza kichwa na hili alituonyesha darasani zile kadi za Shirley. Wengine mnazijua. Maabara za kusafisha picha zilikuwa zinapewa na Kodak kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, nguo zake na ngozi yake, na fundi anapanga mashine mpaka rangi ya yule mwanamke itoke sawa, ndo anaendelea na picha za wateja. Wa kwanza aliitwa Shirley, alikuwa mfanyakazi wao, miaka ya 1950, na waliomfuata nao wakaitwa Shirley wote. Ngozi iliyo mbali na ya Shirley ilijijua yenyewe. Lorna Roth, msomi wa Kanada, alikwenda kuzungumza na waliokuwa wakitengeneza filamu za kamera za Kodak, na moja ya mambo waliyomweleza ni kwamba waliosukuma hudhurungi zirekebishwe walikuwa viwanda vya chokoleti na vya fanicha za mbao, maana matangazo yao hayakuonyesha tofauti ya chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi, wala mbao moja na nyingine. Chokoleti. Kadi zenye wanawake wa rangi tofauti zimekuja miaka ya 1990. Nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi peke yangu, nina hasira, na hasira ile ndo imenifanya niandike.

Sasa tuje kwenye mwanga maana ndo nilipotumia muda mwingi zaidi.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwahiyo mwezi wa 3 na mwezi wa 10 jua la saa sita linapita karibu kabisa juu ya utosi. Ukimpiga mtu saa hiyo bila kivuli, macho yanakuwa mashimo mawili, pua inaangusha kivuli mdomoni, paji la uso linawaka. Kwahiyo ama uamke, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe Coco Beach maana ile fukwe inatazama mashariki na jua linatoka baharini moja kwa moja usoni kwa modo wako, ama ungoje saa kumi na moja jioni, ama utafute baraza. Mi nimeishia kuipenda baraza. Uani kwa bibi kuna kipande cha bati kimetokeza kama mita moja na nusu, ukikaa ukingoni mwa kivuli chake unapata mwanga wa anga nzima mbele yako bila jua lenyewe.

Ila baraza lina shida yake. Mwanga ni laini mno, na kwenye ngozi nyeusi mwanga laini usio na mwelekeo unafanya uso uwe bapa. Hapa kuna kitu nataka nikiseme vizuri kwa sababu hakuna aliyenifundisha, nimekiona mwenyewe kwa kupiga na kufuta. Ngozi nyeupe umbo lake linasomeka kwa vivuli. Ngozi nyeusi umbo lake linasomeka kwa mng'ao. Kivuli juu ya weusi hakionekani sana, lakini ule mstari wa mwanga unaopita juu ya shavu, kwenye daraja la pua, kwenye mfupa wa bega, huo ndo unakuchorea mtu. Kwahiyo nikaacha kuuliza nitaweka mwanga kiasi gani, nikaanza kuuliza mwanga wenyewe utajitazama wapi kwenye uso wake. Ni kama kupiga picha gari jeusi au meza ya mninga iliyopigwa msasa na vanishi.

Nikatafuta vya kurudisha mwanga. Hela ya rifleketa ya dukani sikuwa nayo. Nilijaribu shuka jeupe la bibi kwanza, tukalitundika kwenye kamba ya nguo upande wa kulia, likaleta mwanga mpana wa upole, mng'ao mkubwa uliotawanyika shavu zima, mzuri kwa mtu mzima mwenye mikunjo lakini kwa binamu yangu ulikuwa kama maziwa yamemwagika. Nikajaribu karatasi ya foili niliyoigandisha kwenye boksi la TV, foili nikaikunjakunja kwanza alafu nikaikunjua, ikaleta mwanga wenye madoadoa, haukunivutia.

Alafu sinia. Bibi ana sinia la aluminiamu la pilau, lile kubwa wanalokula watu sita, limesuguliwa na jivu na majani ya mnazi miaka na miaka mpaka linavutia macho. Nikalichukua jikoni nikamwambia mdogo wangu alishike kulia, chini kidogo ya usawa wa bega la binamu yangu, kama mita moja kutoka kwake, tukaliinamisha taratibu mpaka ule mwanga ukapanda. Mstari mmoja. Ulianzia chini ya sikio ukafuata taya, ukakatika, ukatokea tena juu ya shavu, na nikimwambia mdogo wangu ageuze sinia kidogo tu kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, mstari unahama, unashuka shingoni, unakaa kwenye mfupa wa bega na kutulia pale. Na ndani ya jicho, kwenye mboni, kuna duara dogo jeupe. Ukizumu kwenye kompyuta mpaka asilimia 200 unaona hadi ukingo wa sinia ulivyokunjwa. Nilipoliona mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka bibi akatoka ndani.

(Angalizo, msimwelekezee mtu sinia lenye jua kali usoni, binamu yangu alitoka machozi mara mbili. Liweke pembeni, na mwambie afumbe macho mpaka uhesabu tatu ndo afumbue.)

Upande wa pili nikasimamisha manila nyeusi mbili nilizoziunga kwa gundi, kazi yake ni kuzuia mwanga wa ukuta usirudi. Manila nyeusi za buku mbili zimenifanyia kazi kuliko programu yoyote ya kuediti. Na kingine kuhusu ukuta, jirani yetu upande wa pili kapaka ukuta wake kijani kibichi, siku moja tulihamia kule kufuata kivuli, picha zote taya la chini lina ukijani kama mgonjwa, nilihangaika na waiti balansi, ule mpangilio wa kusahihisha rangi ya mwanga, usiku mzima kumbe ni ukuta tu unaorudisha rangi yake. Kabla ya kumkalisha mtu nyoosha mkono wako pale atakapokaa, utazame ngozi yako mwenyewe imegeuka rangi gani.

Mekapu sasa. Mi nilianza nikidhani mekapu ni kazi ya mtu mwingine, mpiga picha anasubiri tu. Dada mmoja mwenye saluni mtaani kwetu alikubali kumpamba binamu yangu bure ili apate picha za ukutani kwake, na kazi ya mkono wake ni safi, nyusi amezichora vizuri, wanja umetulia. Lakini faundesheni aliyokuwa nayo ilikuwa rangi tatu tu na nyeusi kuliko zote bado ilikuwa nyeupe kwa binamu yangu, kwahiyo uso ukatoka wake na shingo ikatoka ya mwingine. Kwa macho, kwenye kile chumba chenye balbu ya njano, ilikuwa haionekani sana. Kwenye RAW, nje, ilikuwa kama kinyago. Tukakaa na yule dada tukachanganya, akatia poda ya kahawia iliyokolea kwenye ile faundesheni na tone la mafuta, akajaribia kwenye taya siyo kwenye kiganja, kwa sababu kiganja chetu kina rangi yake ya peke yake.

Alafu tukakutana na poda nyeupe ya unga, ile wanayoweka chini ya macho ili wanja usichuruzike. Kwa mwanga wa baraza haina neno. Nilivyowasha flashi ya kuazima, chini ya macho kukatoka mabaka mawili meupe kama kapakwa unga wa sembe. Ni zile chembe za silika kwenye poda, zinarudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi. Kwahiyo siku ya flashi hatuweki ile poda. Na hata bila flashi tumeipunguza sana, maana poda inaua mng'ao, na nimeshasema mng'ao ndo mchoro wenyewe. Sa hivi yule dada anapaka faundesheni nyembamba, anakausha tu pembeni za pua, na kwenye mfupa wa bega, kwenye muundi na mikononi tunapaka mafuta ya nazi kidogo sana, unayasugua kiganjani kwanza alafu unapitisha kama unafuta vumbi.

Flashi nayo ilinifundisha jambo moja kwa mkato. Kamera yangu mwisho wake na flashi ni shata 1/200. Nilipiga kwa 1/500 nikiwa natafuta anga liwe jeusi zaidi, kila picha ikatoka na utepe mweusi umekata chini, kwa sababu kwenye kasi ile mapazia ya shata hayafunguki yote kwa wakati mmoja. Basi sasa 1/200 naifunga, anga naliongoza kwa apacha, lile tundu la lenzi, na nguvu ya flashi ndo naipandisha au kuishusha.

Kanga ndo somo langu la apacha. Kila mwanafunzi akipata lenzi ya 50mm f/1.8 mwezi mzima anapiga f/1.8, na mi pia, ule ukungu wa nyuma unalewesha. Kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu, ukisimama mita moja na robo hivi kutoka kwa mtu, f/1.8 inakupa kina, yaani sehemu inayotoka makali, cha kama sentimita 4 tu. Akigeuza kichwa kidogo jicho moja lipo na jingine limeondoka. Tulikuwa tumemvika binamu yangu doti ya kanga nyekundu na nyeusi, moja kajifunga kifuani, nyingine kajitanda mabegani, anatupa mgongo kidogo na kugeuza uso kunitazama. Nikapiga f/1.8 kutoka mita mbili. Nikaipenda mno, nikamkimbilia bibi ndani.

"Shikamoo bibi, ona."

"Marahaba." Akavaa miwani, akaitazama, akairudisha. "Nzuri. Jina lake liko wapi?"

Nikafikiri anauliza jina la picha. "La kanga," akasema. "Kanga ina jina, mwanangu. Umempiga mtu kavaa kanga, jina umelifuta, sasa huyu anasema nini?"

Alikuwa sahihi kabisa. Macho ya binamu yangu yalikuwa makali kama wembe na maneno mgongoni yalikuwa moshi mwekundu. Mwanamke anayejitanda kanga anajua maneno yanayokaa mgongoni, anajua nani atapita nyuma yake ayasome, hiyo ni nusu ya vazi. Mi nilikuwa nimeigeuza kitambaa tu. Kwahiyo nikarudi nje, nikafunga tundu mpaka f/5.6, nikapandisha ISO mpaka 400 ili shata ibaki 1/250, na kwa mita mbili hapo nikapata kina cha kama sentimita 30 na ushee, uso upo na mgongo upo. Tukairudia kuitanda ile kanga mara tatu maana herufi zilikuwa zinakunjika katikati, mpaka ikasomeka yote, MDHANIAYE NDIYE SIYE.

Katikati ya haya nilikuwa fildi kwenye studio moja mjini, jina silitaji. Kazi zilikuwa kitchen party, sendofu, mahafali, na kulikuwa na priseti moja, mpangilio wa rangi uliowekwa tayari, inayopitishwa kwenye kila picha, inapandisha nyuso zote na kuvuta rangi kuelekea weupe wa pinki. Nilipewa kuediti picha mia nne za bibi harusi mmoja mweusi mzuri na nikaambiwa nisimpeleke hivyo, mteja hatalipa. Nikapitisha ile priseti. Alipokuja kuchukua picha zake alifurahi, akashukuru, na hicho ndo kilichoniumiza, kwa sababu yule dada anajua maisha yake yote kuwa uzuri uko upande ule, na mi nimemthibitishia kwa mkono wangu. Kuna watu wanajichubua kwa mkorogo mpaka ngozi inapasuka, vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini lakini bado vinapenya, na sisi tunaoshika kamera tunafanya kazi ileile kwa kitelezi kwenye Lightroom, programu ya kuediti picha. Mteja akitaka kung'aa nitamng'arisha kwa sinia, kwa mafuta, kwa dirisha. Kumgeuza rangi sitagusa tena, hata kama hela inaondoka.

Baada ya fildi nikawa natafuta kitu cha kunisafisha macho, nikarudi kutazama kazi za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake 1948, alipiga sana uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lina nyuzinyuzi za pembeni. Watu walikuja na nguo zao bora, au waliazima alizokuwa nazo, suti, saa, redio, hata Vespa. Na kwa sababu filamu ilikuwa ghali alikuwa anapiga mara moja tu kwa mteja. Mara moja! Mi kwa binamu yangu pekee nina fremu elfu na mia mbili. Tazama ngozi kwenye picha zake, tazama mikono ya wale kina mama juu ya vitambaa vya maua, kila kidole kina mwanga wake. Hakuwa na histogramu, alikuwa na ua na jua na macho. Na huku kwetu pia mambo haya yalikuwepo, Unguja kuna Capital Art Studio tangu 1930, Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, wazee wetu walivaa wakaenda kukaa mbele ya lenzi wakijua wanachotaka.

Basi nikajipa sharti. Jumapili moja nikatundika kitenge cha bluu na njano uani kwa bibi, nikawaambia majirani waje na nguo wanayojipenda nayo, na kila mtu fremu moja. Napima mwanga, napanga sinia, namwonyesha mtu kioo ajitazame, tunaongea, nabonyeza mara moja, amekwenda. Walikuja tisa. Fundi cherehani na shati alilojishonea mwenyewe na futi shingoni, alikataa kuivua. Mama wa vitumbua na gauni la mwanawe aliyeolewa Tanga. Kijana wa bodaboda na suti ya kijivu ya mtumba ya Karume, mikono imezidi kidogo, akaikunja kwa ndani kwa pini, helmeti kashika kwapani kama mwanajeshi. Kwake nilichukua karibu nusu saa kabla ya kubonyeza, kwa sababu alikuwa anakaza uso kila ninapoinua kamera, nikaishusha, nikamuuliza suti ameinunua lini, akaanza kueleza alivyobishana bei kuanzia elfu arobaini mpaka kumi na nane, na pale kwenye kumi na nane uso wake ukafunguka, nikabonyeza. Kati ya tisa, saba ziko sawa. Mbili fokasi imekosa na sikurudia. Niliwaeleza wenyewe, nikawaomba Jumapili nyingine.

Kuchapisha kukanipa kazi ya mwisho. Picha ya binamu yangu na kanga niliipeleka maabara ikarudi imepauka, mashine yao imejisahihisha yenyewe na kumpandisha. Nikarudi na kompyuta yangu mkononi, nikamwomba kaka wa pale azime ule usahihishaji, akazima, akachapa ya pili, na tukasimama wote wawili mlangoni kwenye mwanga wa barabarani tunazilinganisha. Yeye mwenyewe akasema tofauti ni kubwa, akaniambia siku nyingine nimwambie mapema.

Jana nimempelekea bibi, saizi ya A3, ndani ya fremu ya mninga. Binamu yangu alikuwepo, aliichukua kwanza yeye, akaisimamisha juu ya kabati akarudi nyuma hatua kama tano, akakaa kimya anaitazama, alafu akaitoa simu akaipiga picha. Bibi akasoma jina la kanga kwa sauti, herufi kwa herufi kama anakagua. Akauliza sinia lake liko wapi kwenye hiyo picha maana anajua lilitumika. Nikamwambia kwenye jicho. Akaenda kutafuta miwani, akarudi, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, na akaliona.

"Eeh," akasema, "lenyewe hasa." Akaniambia nilirudishe jikoni kabla ya Jumamosi, kuna maulidi.